Kitanda Kitupu cha Versailles

Ninapofundisha picha za familia za kifalme, huwaomba wanafunzi wahesabu watoto kabla hawajasema lolote kuhusu rangi. Mbele ya picha ya Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa, iliyochorwa na Élisabeth Vigée Le Brun mwaka 1787, karibu wote hujibu: watatu. Marie-Thérèse ameegemea mkono wa mama yake, Louis Charles amepakatwa, na Louis Joseph, mrithi wa kiti cha enzi, amesimama kando. Hapo nawaambia waufuate mkono wa yule mvulana. Anaonyesha kitanda cha kichanga, na ndani hamna mtu.

Kitanda kilikuwa cha Sophie, kitinda mimba. Alizaliwa Julai 1786, akafariki Juni 1787, zikiwa zimebaki kama wiki tatu atimize mwaka. Picha ilikuwa bado mikononi mwa mchoraji.

Na picha yenyewe iliagizwa kwa sababu za kisiasa. Wafaransa walikuwa wamemchoka malkia wao kwa kumwona mbadhirifu, na kashfa ya mwaka 1785, ambapo matapeli walilitumia jina lake kujipatia mkufu wa almasi, ilimchafulia jina zaidi, ingawa hakuhusika nayo. Ikulu ikataka aonekane mama. Ndiyo maana shingoni hana mkufu, na kabati la vito limewekwa nyuma, gizani: vito vyake ni watoto. Vigée Le Brun angeweza kukifuta kile kitanda, akajaza pazia au kiti, na watazamaji wasingeshtuka. Alikiacha. Kwangu mimi, hapo ndipo picha ya kumsafisha malkia ilipogeuka kuwa tanzia.

Uingereza walifanya vingine. Mwaka 1782 Thomas Gainsborough alichora picha 15, kila moja ya mtu mmoja, za Mfalme George III, Malkia Charlotte na watoto wao. Alfred, ambaye hakufikisha hata miaka miwili, alikuwa amefariki Agosti mwaka huohuo, lakini akachorwa na kupangwa pamoja na ndugu zake kama mmoja wao. Mei 1783 akafuata Octavius, mwenye miaka minne, ambaye naye yumo. Baadaye Benjamin West aliwachora wote wawili, Alfred akimpokea kaka yake mbinguni. Ni picha ya faraja, naiheshimu, ila haijawahi kunishika koo kama kile kitanda.

Turudi Ufaransa. Juni 1789 Louis Joseph, yuleyule aliyekuwa akikionyesha kitanda, akafariki akiwa na miaka saba. Picha ilikuwa imetundikwa katika kasri la kifalme la Versailles, mahali ambapo malkia hupita akienda misani. Mchoraji anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba malkia alishindwa kupita pale bila kulia, akaamuru itolewe, lakini hakusahau kumpelekea mchoraji habari ya sababu, asije akadhani kazi yake imemchukiza. Oktoba mwaka huohuo, Mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yameanza, umati kutoka Paris ulivamia kasri. Picha haikuwa tena ukutani, na mchoraji aliamini ni machozi yale ya malkia yaliyoiokoa. Leo ipo Versailles.

Louis Charles, yule aliyepakatwa, alifia gerezani mwaka 1795, akiwa na miaka 10. Aliyewahi kuwa mtu mzima ni Marie-Thérèse peke yake, yule aliyeegemea mkono wa mama.