Kuondoa jinai na kuhalalisha bangi: tofauti iko wapi?

Mjadala wa bangi ukianza, mmoja anayesema "ihalalishwe" huenda anataka tu kijana asifungwe kwa msokoto mmoja. Anayempinga anaona duka la bangi jirani na shule. Wanabishana usiku kucha, kumbe kila mtu anazungumzia sheria yake.

Kuondoa jinai maana yake ni kwamba kitu kinabaki kimekatazwa, ila anayekutwa nacho kwa matumizi yake hashitakiwi kama mhalifu. Hafungwi wala hawekewi rekodi ya jinai. Anachukuliwa kama aliyeegesha gari pasiporuhusiwa: amekosa, lakini si mtu wa gereza. Kuhalalisha ni kutoa ruhusa kamili, yenye leseni ya kulima na kuuza, kodi, umri wa mnunuzi na kiwango cha juu cha kununua.

Ukitaka kujua nchi fulani iko upande gani, uliza bangi iliyo mfukoni mwa mtumiaji imetoka wapi. Pakiwa pameondolewa jinai tu, imetoka kulekule ilikotoka zamani, kwa muuzaji wa uchochoroni, naye bado anatafutwa na polisi.

Ureno ndiyo hutajwa kila mara, na mara nyingi hutajwa vibaya. Haikuhalalisha chochote. Sheria namba 30 ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika Julai 2001, inahusu dawa zote za kulevya, heroini na kokeini zikiwemo. Kipimo chake ni matumizi ya mtu mmoja kwa siku 10: gramu 25 za bangi, gramu 5 za hashishi (utomvu wa bangi uliokaushwa), gramu 2 za kokeini, gramu 1 ya heroini. Kuuza ni jinai kama kawaida. Kwa miaka mingi kupita kipimo hicho kulitosha kukupeleka mahakamani. Tangu 2023 ni dalili tu kwamba huenda mzigo si wa matumizi yako.

Polisi wakikukamata wanachukua dawa na kukuita mbele ya tume ndani ya saa 72. Tume ina watu watatu, wakiwemo mwanasheria na watu wa afya au ustawi wa jamii, na haikai mahakamani. Kazi yake ya kwanza ni kupima kama wewe ni mraibu au la. Asiye mraibu akifika mara ya kwanza, kwa kawaida shauri lake linasimamishwa. Akirudia anaweza kupigwa faini. Mraibu hapigwi faini ya fedha, kwa sababu angeenda kuitafuta kwa kuiba. Akikubali matibabu, shauri linasubiri. Na matibabu yapo, kwa sababu serikali iliongeza huduma hizo sambamba na sheria. Sehemu hii ndiyo huachwa na wanaosimulia habari za Ureno.

Jimbo la Oregon nchini Marekani nalo liliiacha sehemu hiyo ya matibabu. Wapiga kura walipitisha kuondoa jinai kwa kiasi kidogo cha dawa zote mwaka 2020, na utaratibu ukaanza Februari 2021. Aliyekamatwa alipewa tiketi ya hadi dola 100, inayofutwa akipiga simu kupimwa afya. Wengi hawakulipa wala hawakupiga, na hapakuwa na tume ya kuwaita. Fedha za vituo vya matibabu zilichelewa, huku fentanili, dawa ya kulevya yenye nguvu kuliko heroini, ikimiminika mitaani. Septemba 2024 jinai ikarudishwa. Bangi haikuguswa, kwa kuwa Oregon ilikwisha kuihalalisha kwa kura ya 2014, na maduka yake yanaendelea kuuza.

Uholanzi iko katikati, na kusema kweli ni mahali pa ajabu. Kuuza bangi ni kosa kisheria, ila serikali inafumba macho kwa maduka maalumu yanayotii masharti: mteja awe na miaka 18, asiuziwe zaidi ya gramu 5 kwa siku, duka lisiwe na zaidi ya gramu 500, lisitangaze biashara, lisiuze dawa kali za kulevya kama heroini. Gramu 500 zikiisha, mwenye duka hujaza wapi? Kwa miongo mingi hapakuwa na mkulima halali wa kumuuzia, hivyo mzigo uliingia kwa mlango wa nyuma kutoka kwa magenge. Mlango wa mbele unalipa kodi, wa nyuma unalisha wahalifu.

Uruguay ndiyo iliyohalalisha kwanza kitaifa, kwa sheria ya Desemba 2013 chini ya Rais José Mujica. Mkazi wa miaka 18 na kuendelea anajiandikisha na kuchagua njia moja: kulima nyumbani hadi miche 6, kuingia klabu ya watu 15 hadi 45, au kununua famasi hadi gramu 10 kwa wiki. Mtalii haruhusiwi. Famasi zilianza kuuza Julai 2017, na benki zikatishia kufunga akaunti zao, maana benki hizo zinategemea benki za Marekani ambako sheria ya shirikisho bado inaikataza bangi. Famasi kadhaa zikajitoa. Isitoshe, bangi ya famasi ya mwanzoni ilikuwa hafifu, na waliotaka kali wakaendelea na muuzaji wao.

Kenya na Tanzania bado ziko kwenye jinai. Kesi ya Marastafari iliyofunguliwa Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2021 iliomba wasishitakiwe kwa kutumia bangi faraghani katika ibada. Si kesi ya kufungua maduka. Kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, katika hospitali ya Muhimbili nchini Tanzania, iliyoanza 2011, nayo haikugusa sheria: waraibu wa heroini wanatibiwa, heroini inabaki marufuku.

Afrika Kusini imekwenda hatua moja mbele. Septemba 2018 Mahakama ya Katiba iliruhusu mtu mzima kulima na kutumia bangi faraghani, na mwaka 2024 Rais Ramaphosa akatia saini sheria yake. Kupeana bure kunaruhusiwa, kuuziana hapana. Mwenye ua anapanda miche yake. Anayeishi ghorofani bila hata kibaraza, na asiye na rafiki mkulima, anarudi uchochoroni.