Mawe ya Nyongo: Kidonge Hakiyeyushi Kila Jiwe

Mama mmoja wa Mikindani alikuja kliniki na chupa ya jamu iliyojaa vibonge vya kijani. Aliitikia shikamoo yangu, akaitua mezani. “Mwanangu daktari, mawe ya huyu kijana ndiyo haya. Yametoka jana alfajiri.”

Kijana wake ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na ultrasaundi ilikwisha kuonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo. Jirani ndiye aliyewaelekeza: mafuta ya zeituni, maji ya ndimu na chumvi ya haluli, anywe usiku.

Nilitia kibonge kimoja kwenye glasi ya maji ya moto. Haukupita muda kikawa mafuta yanayoelea juu. Jiwe la nyongo haliyeyuki hivyo. Mwaka 2005 jarida la Lancet la Uingereza lilieleza habari ya mgonjwa aliyepeleka vibonge vya aina hiyohiyo. Maabara ilikuta asidi za mafuta tu, bila kolestero wala bilirubini, vitu vinavyojenga mawe ya nyongo. Yaani ni mafuta yaleyale aliyokunywa, yamegandamana tumboni kama sabuni.

Swali la pili la mama lilikuwa zuri zaidi: basi si kuna kidonge?

Kipo. Mwaka 1972 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walionyesha kuwa asidi ya nyongo ikimezwa inaweza kuyeyusha mawe. Ile ya kwanza iliharisha watu na kusumbua ini, ikaachia nafasi asidi ya ursodeoksikoli tunayoitumia sasa. Jina lake limetokana na neno la Kilatini la dubu, maana nyongo ya dubu ina wingi wa asidi hiyo. Siku hizi hutengenezwa kiwandani, msiogope.

Lakini kidonge hiki kina masharti. Huyeyusha jiwe la kolestero peke yake, tena liwe dogo, lisiwe na chokaa, na kifuko chenyewe kiwe bado kinajikamua vizuri. Daktari hupima kipimo kwa uzito, kama miligramu 8 hadi 10 kwa kila kilo kwa siku, na mgonjwa humeza kwa miezi 6 mpaka miaka 2. Ukiacha, mawe hurudi kwa karibu nusu ya waliopona ndani ya miaka 5. Binafsi simwandikii mtu dawa ya muda mrefu namna hiyo kabla hatujakaa tukapiga hesabu ya gharama.

Sasa, mawe ya mwenye selimundu ni ya ukoo mwingine. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Yake huishi siku 10 hadi 20. Zinavyovunjika kila mara, ini hulemewa na bilirubini, rangi ileile inayotia macho manjano, nayo huganda kuwa mawe meusi. Ursodeoksikoli haiyagusi. Anayemuuzia mzazi wa mtoto huyo dawa ya kuyeyusha, iwe ya kopo au ya mizizi, anamlia fedha yake ya korosho bure.

Mawe yaliyotulia, yasiyouma, kwa watu wengi tunayaacha. Yanayouma hujitambulisha: maumivu chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe ya moyo, mara nyingi baada ya mlo wa mafuta mengi, yakipanda hadi bega la kulia. Wengi huyaita vidonda vya tumbo wakanunua dawa za gesi mwaka mzima. Ikiongezeka homa na kutetemeka, macho ya njano au mkojo wa rangi ya chai kavu, usingoje kupambazuke: jiwe huenda limeziba mrija wa nyongo, na likikaa vibaya huvimbisha hata kongosho.

Kijana wa Mikindani alikuwa ameshaumwa mara 3, kwa hiyo tulimwandalia upasuaji. Mwenye selimundu haingizwi chumba cha upasuaji vivi hivi. Aliongezewa maji kwa dripu, damu ikaandaliwa, akafunikwa asipate baridi. Kifuko kilitolewa chote. Ndani mlikuwa na mawe meusi, madogo kama mbegu za papai, yakigongana kwenye bakuli la chuma. Mama aliomba apewe. Akaosha chupa yake ya jamu, akayatia humo, akasema anayapeleka kwa jirani.