Gamba, bakuli au ngazi?

Juzi kati nimeletewa kazi ya kuhariri, mwongozo wa usafi wa soko la samaki, ulishatafsiriwa tayari mimi kazi yangu kupitia tu. Nafika ukurasa wa tatu nakuta "kila meza iwe na gamba la samaki lililohakikiwa". Nikarudia kusoma. Gamba lililohakikiwa! Kwenye Kiingereza iliandikwa fish scale, na aliyetafsiri (au mashine yake, siku hizi hujui) kaona samaki akakimbilia gamba, kumbe wenyewe walikuwa wanaongelea mizani ya kupimia samaki.

Sikumcheka sana maana mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza niliandika "ondoa mizani ndani ya birika", na ikachapishwa hivyohivyo. Pale ilitakiwa iwe ule utando mgumu mweupe unaoachwa na maji ya chumvi.

Shida ya scale ni kwamba si neno moja. Ni maneno matatu yaliyotoka kwao tofauti, yakakutana Uingereza, mwishowe yakafanana sura.

La mizani lilikuja na watu wa Skandinavia, kwao skál ni bakuli, na mpaka leo wakigonganisha glasi wanasema skål. Mizani ya zamani si unaijua, mabakuli mawili yananing'inia huku na huku, ndo maana mpaka leo Kiingereza kinasema "pair of scales" ingawa chombo ni kimoja.

La gamba lilipitia Kifaransa cha kale, escale, yaani ganda au kumbi. Humo ndo wanaingia samaki, nyoka, birika langu, na hata daktari wa meno anapokukwangua ukoga. Sasa hapa pananoga, hili la ganda na lile la bakuli ukiyafuata nyuma kabisa ni ndugu, shina lao moja la Kigermanik cha kale (mama wa Kiingereza, Kijerumani na lugha za Skandinavia) lenye maana ya kupasua, na shell nayo imo humohumo. Mtu wa pwani halimshangazi hili, pasua nazi, kifuu kile kile ukikitia mpini unapata kata ya kuchotea maji. Ganda limeshakuwa chombo.

La tatu halina undugu nao kabisa. Ni scala ya Kilatini, ngazi, kutoka kwenye kitenzi scandere, kupanda. Do re mi ni ngazi, vistari vya kipimajoto ni ngazi, skeli ya ramani ile ya 1:50,000 pia inatoka huku. Na ukisoma tangazo la kazi serikalini Tanzania utakuta "ngazi ya mshahara TGS D", hiyo S ni scale, na aliyeitafsiri ngazi namvulia kofia kwa kweli, kalipata neno mpaka kwenye mzizi wake. Escalator, ile ngazi ya umeme, nayo ya ukoo huohuo, jina alilipa Charles Seeberger na mashine ikaonyeshwa Paris mwaka 1900, halafu kutoka kwenye ile mashine ndo ikazaliwa escalate. Kwa hiyo bosi akikwambia u-escalate jambo, "lipeleke ngazi za juu" inatosha kabisa, usihangaike.

Kuna moja hunifurahisha zaidi. Scan, hii ya mashine ya hospitali, nayo ni mtoto wa scandere, ila kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuhesabu mapigo ya ushairi. Na sisi kwenye shairi tunahesabu nini? Mizani! Nane kwa nane. Sisi tumelichukua mīzān la Kiarabu, la kupimia uzito, tukalipeleka kwenye ubeti, wao wakaenda na ngazi. Dereva wa lori anayesubiri foleni mizani ya magari pale Vigwaza, Pwani, na malenga anayehesabu silabi kwa vidole wanatumia neno moja, na hakuna anayechanganyikiwa.

Basi nikarekebisha ile sentensi, nikafungua ukurasa wa nne, nikakuta "Scale the fish before placing it on the scale". Huyu mwandishi ana lake jambo. Nikaandika: mpare samaki kwanza, ndo umweke kwenye mizani.