Kuanza maisha: maana yake, na kwa nini vijana wengi wanakwama mlangoni

Kuanza maisha ni hatua ya kijana kutoka mikononi mwa wazazi au walezi na kuanza kubeba mwenyewe gharama, maamuzi na lawama za maisha yake. Hapa Tanzania mtu husemwa ameanza maisha pale anapopanga chumba chake, hata kama ndani mna godoro na ndoo mbili tu.

Kisheria, mambo yanaonekana mepesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Akiutimiza umri huo anapiga kura na kusaini mkataba kwa jina lake. Ila ngazi hazilingani: ubunge unasubiri miaka 21, urais 40, huku Sheria ya Ndoa ya 1971 ikiruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vinavyoruhusu ndoa hiyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Kwangu mimi, binti wa miaka 15 aliyekabidhiwa mume na mtoto hajaanza maisha. Amekatishwa utoto.

Kwa wengine, kikwazo cha kwanza ni fedha ya kuanzia. Chukua Dar es Salaam: chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Hiyo ni 420,000 kabla hujanunua godoro, mtungi wa gesi wala sufuria, na kabla ya ugomvi wa LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ya kuchangia na wapangaji wenzako. Kijana anayeishi kwa vibarua ataipata wapi yote kwa wakati mmoja? Mwenye ajira rasmi aliyesoma kwa mkopo wa serikali naye anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kulipa deni. Tukiwaita hawa wavivu kwa sababu bado wako kwao, tunawaonea.

Lipo jingine linalouma zaidi, na halizungumzwi sana. Mshahara wa kwanza wa kijana haujakauka wino, ada ya mdogo wake inamsubiri, dawa za bibi zinamsubiri, na grupu la WhatsApp la ukoo linahesabu michango ya harusi. Anatoa. Siku ya kikao cha familia, akifungua mdomo kuuliza fedha zimetumikaje, anaambiwa, "Wewe bado mtoto, waache wakubwa waongee." Amekuwa mkubwa wa kutoa, si wa kusikilizwa. Wajibu usio na sauti humchosha kijana, na wengine huishia kuzima simu na kupotea kabisa.

Jando na unyago, kwa jamii kama Wamakonde na Wayao, vilikuwa na kasoro zake, na zipo sehemu ambako mabinti waliacha shule baada ya kuchezwa unyago. Lakini mwali alipotoka, watu wote walijua si mtoto tena, naye alimjua somo, yaani mlezi wake wa mafunzo hayo, wa kumwendea mambo yakimzidi. Siku hizi kijana anatoka na cheti cha kidato cha nne, na aghalabu hakuna aliyemfundisha kusoma mkataba wa pango au kupanga hela ya mwezi mzima.

Inawezekana kukabidhi kidogo kidogo. Binti wa miaka 16 apewe hela ya sokoni ya wiki na aachiwe aipange, na ikiisha Alhamisi asiongezewe kimyakimya, akae na mzazi waangalie imekwendaje. Kijana anayechangia ukoo apewe na nafasi ya kuuliza.

Na yule wa miaka 26 anayelala bado kwa wazazi, lakini ndiye anayelipia umeme, anaweka akiba kwenye kikoba na kuamua mambo yake mwenyewe? Mtaani watasema bado. Mimi namhesabu kuwa ameanza.