Kuvunja mafiga: kumkataa mgombea bila kukihama chama

Katika Uchaguzi Mkuu, mpiga kura wa Tanzania Bara hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Kwenye kampeni za CCM huitwa mafiga matatu, yaani zote zipigwe chama kimoja, maana chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Kuvunja mafiga ni kumnyima mgombea wa chama chako karatasi moja, ukampa mpinzani wake, huku nyingine zikibaki palepale. Sharti lake ni moja: sababu yako iweze kutetewa kwa katiba na itikadi ya chama chako mwenyewe.

Huko si kuhama. Anayehama hurudisha kadi, na akiwa mbunge hupoteza kiti papo hapo kwa ibara ya 71(1)(e) ya Katiba. Ndiyo maana kati ya 2017 na 2019 wabunge kadhaa wa upinzani walipokwenda CCM "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, majimbo yao yalirudi kwenye uchaguzi mdogo. Wala si kinyongo cha kura za maoni, yaani mchujo wa wagombea ndani ya chama. Aliyekatwa jina la mtu wake hupenda kuita hasira yake msimamo. Kuwatofautisha si kazi: muulize kama kosa hilo hilo angelikataa kwa yule aliyemtaka yeye. Akianza kutafuta maneno, jibu umeshalipata.

Mwaka 2015 ulionyesha sura nyingi za jambo hili. Julai, mjini Dodoma, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa walijitenga hadharani na uamuzi wa Kamati Kuu ya CCM uliomwacha nje ya mbio za urais Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, lakini hawakumfuata alipokwenda CHADEMA. Mwaka 2017 chama kilimvua Simba uanachama, kikamsamehe baadaye. Nchimbi alipewa onyo kali, na mwaka 2024 akawa Katibu Mkuu wa chama hicho hicho. Upande wa pili, Lowassa alipokuwa mgombea urais wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, Ibrahim Lipumba aliacha uenyekiti wa CUF na Wilbrod Slaa, Katibu Mkuu wa CHADEMA, akaachana na siasa za vyama. Hakuna kati yao wawili aliyechukua kadi ya CCM wakati ule.

Kwa mwanachama wa kawaida wa Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, mahali pa kuanzia ni kikao cha tawi, kabla ya uteuzi. Pinga pale, taja kifungu kilichovunjwa, hakikisha kimeandikwa kwenye muhtasari. Anayenyamaza mpaka kampeni zianze hujikuta hana ushahidi kwamba alipinga jambo, anaonekana amenunuliwa.

Kisha piga hesabu. Kwetu mshindi ni mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata zisipofika nusu. Tuseme mgombea wenu ana kura 5,000 na mpinzani wake wa karibu 4,900. Wanachama 60 wakiacha karatasi hiyo tupu, bado anashinda kwa 4,940 dhidi ya 4,900. Hao 60 wakimpa huyo mpinzani, anashindwa kwa 4,940 dhidi ya 4,960. Wakimpa mgombea wa tatu ili dhamiri itulie, matokeo ni yale yale ya karatasi tupu. Anayetaka mtu asipite kweli hana budi kumpigia anayeweza kumshinda, hata kama hampendi, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma.

Karatasi ya ubunge ina mzigo wa ziada usiosemwa sana. Viti maalum vya wanawake bungeni hugawiwa kwa kura za ubunge za nchi nzima, kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali. Kwa hiyo kura uliyoitoa ili kumwangusha mtu mmoja inakihesabia chama kingine hata kama mgombea wake jimboni hakushinda. Ya urais haina athari hiyo.

Mambo huharibika zaidi nje ya kituo. Kupanda jukwaa la wapinzani au kuvaa fulana yao kunakugeuza msaliti machoni pa kamati ya maadili, uwe na hoja au usiwe nayo. Kumdhamini mgombea wao ni kubaya zaidi: fomu ya ubunge huhitaji wadhamini wasiopungua 25, na jina lako linabaki kwenye karatasi ambayo wengine wataisoma. Kura yenyewe ni siri, hudaiwi kumthibitishia mtu umempa nani.

Karatasi ya udiwani ndiyo rahisi kuivunja. Mtu wa kata ya Nkuhungu au Kizota, jijini Dodoma, anamjua diwani wake kwa barabara aliyoiahidi na mikutano aliyoikwepa, na jirani yake wa chama kile kile huenda anafikiri vivyo hivyo bila kusema.