Hilo kabati mnalolilaumu

Juzi tena. Kipindi cha redio cha asubuhi, mgeni mwenye cheo chake, anasema vyuo vikuu vya umma vinafanya tafiti zinazoishia kabatini. Mtangazaji akaitikia "kabisa kabisa", wakaenda kwenye matangazo ya biashara. Kauli hiyo nimeisikia bungeni, kwenye mahafali, kwenye ufunguzi wa warsha zilizoitishwa kuijadili kauli hiyo hiyo, na kwa shemeji yangu kila Idd. Mimi ni mkutubi. Kazi yangu ni kuorodhesha tasnifu, makala na ripoti za utafiti. Kwa maneno mengine, mimi ndiye wa kabatini, na leo najibu.

Mfano wangu ni Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu rekodi zake ndizo nilizozizoea, na kwa sababu ukubwa wake unaonyesha tatizo vizuri. Mtu akitamka "utafiti wa chuo kikuu" anamwona mwenye koti jeupe na chupa inayotoa moshi. Halafu anauliza hiyo chupa imezaa kiwanda gani. Sasa chukua mafungu ya siku moja tu kwenye meza ya mkutubi: makala ya sheria ya ardhi, kemia ya mimea ya jamii ya mtopetope inayochunguzwa kama dawa ya malaria (Mayunga Nkunya na wenzake walitumia miaka mingi hapo), fonolojia ya lugha ya Kibantu yenye wasemaji wachache, mmomonyoko wa fukwe, saruji, mashairi, mikopo ya akina mama. Ukiipima yote kwa kipimo cha kiwanda, robo tatu unaitupa kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.

Kwanza tumalize haraka lile la "hakuna kinachofika kwa wananchi". Una Kamusi ya Kiswahili Sanifu nyumbani? Ilitoka mwaka 1981, kazi ya iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ambayo leo ni TATAKI. Huo ni utafiti. Watu walikaa na kadi za maneno miaka na miaka. Mbunge anayelalamika kuhusu makabati huenda aliifungua akiwa kidato cha pili, ila kwa kuwa haina waya wala betri, hakumbuki kuihesabu. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza 2001, ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, lugha zaidi ya 150 zimewekwa kwenye ramani. Nayo pia haina betri.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa. Hata wanaotutetea wanatutetea vibaya. Wanaleta mfano wa mwani: profesa akatafiti, wanawake wa Zanzibar wakalima, fedha za kigeni zikaingia, mnaona? Mfano ni mzuri, ila mstari haukunyooka hivyo. Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Mlimani, alichunguza mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970: unaota wapi, unakua kwa kasi gani, unaweza kulimwa au la. Kilimo cha biashara kilianza 1989, huko pwani ya mashariki ya Unguja. Zaidi ya miaka kumi katikati hapo, kazi ile ilikuwa wapi? Kabatini. Tena mbegu iliyosambaa kibiashara ililetwa kutoka Ufilipino, haikuwa ile ya porini kwetu. Je, utafiti wa Mshigeni ndio uliozaa kilimo cha mwani? Mimi nasema ulikifanya kiwezekane kufikirika: mtu alipokuja na fedha, palikuwa na maandishi yanayoeleza pwani hii inafaa kwa nini. Lakini ukinibana nikupe asilimia ya mchango wake, sina, na ninayemsikia akiitoa namtilia shaka.

Hadithi haikuishia hapo. Maji yalipopata joto, ile aina yenye bei nzuri, kotonii, ikaanza kufa mashambani, wakulima wakabaki na spinosamu ya bei ya chini. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, ambayo ni sehemu ya chuo hicho hicho, imekuwa ikihangaika na hilo: Flower Msuya amejaribu pamoja na wakulima nyavu za mirija zinazowekwa kwenye maji ya kina. Utafiti huo unaanzia wapi? Unaanzia kwenye kumbukumbu za zamani za hali ya maji na ukuaji wa mwani. Bila kabati huwezi hata kusema kuwa kuna kilichobadilika.

Kwa wasioelewa hoja hiyo, kuna chura. Kila mtu ana mzaha wake wa vyura wa Kihansi. Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi ukiendelea, kwenye korongo lililoloa manyunyu ya maporomoko ya maji alionekana chura mdogo wa manjano anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Miongoni mwa waliomweleza kisayansi ni Kim Howell, aliyefundisha zoolojia Mlimani kwa muda mrefu. Sasa jiulize: utajuaje kwamba chura huyu ni mpya? Huwezi kumtazama usoni ukajua. Unamlinganisha na ndugu zake wa jenasi hiyo hiyo, ambao wa kwanza walielezwa enzi za Wajerumani, na ambao miili yao imelowekwa kwenye chupa, ndani ya (samahani) kabati. Miaka tisini na zaidi chupa hizo zilikuwa "hazina tija". Bwawa lilipopunguza maji na manyunyu kukauka, mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 baadhi ya kizazi chao wakarudi, wakapokelewa kwenye kituo kilichojengwa Mlimani, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Kama gharama yote hiyo ilistahili, mimi siamui. Nina marafiki wenye akili timamu wanaosema haikustahili. Ninachojua ni kwamba bila chupa zile za kabatini hata huo ubishi usingekuwepo.

Laetoli, kule Ngorongoro, napita haraka. Mwaka 2014 timu ya Fidelis Masao wa Mlimani ilikuwa inafanya tathmini ya eneo linalopendekezwa kujengwa makumbusho. Tathmini, ile kazi ambayo kila mtu anaiona ni karatasi za kutafutia kibali. Kwenye mashimo ya majaribio wakakuta nyayo za zamadamu zenye miaka milioni 3.66, si mbali na zile zilizofukuliwa na timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1978. Kama mngefuta "utafiti usio na maana", mngeanza na ripoti za aina hiyo.

Nakiri kuna mambo yasiyo mazuri kwa upande wetu. Tasnifu nyingi za uzamili ni dhaifu. Kichwa ni "Tathmini ya changamoto za jambo fulani: mfano wa Manispaa ya Kinondoni", hojaji kwa watu wanaofikika kwa daladala, matokeo ni kwamba changamoto zipo, mapendekezo ni kwamba serikali iongeze bajeti. Kinondoni imetafitiwa mpaka imechoka. Tatizo langu ni kwamba sijui kutofautisha, siku ya kuorodhesha, kazi isiyosomwa kwa sababu ni mbovu na isiyosomwa kwa sababu wakati wake haujafika. Takwimu za upakuaji hazinisaidii sana. Sehemu ya wanaopakua ni roboti. Pia ukitazama miaka ambayo mada fulani inajaa ghafla, mara nyingi utakuta mradi wa mfadhili nyuma yake, na Waswidi wametulipia maswali mengi tangu miaka ya 1970. Na tasnifu nyingi, ukiacha za Kiswahili chenyewe, zimeandikwa kwa Kiingereza ambacho mkulima wa mwani wa Paje, Unguja, hana haja nacho. Hilo la mwisho mkililalamikia, mimi niko nanyi.

Viwango vya ubora wa vyuo duniani vinavyotangazwa kila mwaka msinitajie. Kazi za kilimo za Morogoro kabla ya 1984, kabla Sokoine hakijawa chuo kamili, kikiwa bado sehemu ya Mlimani, ni za nani? Za tiba za Muhimbili kabla ya 2007, nayo ikiwa bado chini ya Mlimani? Mashine inayohesabu haijui historia, nami nimeshakesha na rekodi hizo.

Lakini rudini mwaka 1968. Idara ya Historia iliwatuma wanafunzi vijijini, wengi kwenye maeneo ya kwao, kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Vijana wale hawakuwa maprofesa. Baadhi ya ripoti zina makosa, nyingine ni fupi mno, mwandishi anaonekana alikuwa na haraka ya kurudi. Zilipigwa chapa, zikawekwa. Kwa kipimo cha redio, hiyo ni maana kamili ya kuishia kabatini. Wazee wale wamekufa wote. Kila mwanahistoria aliyetaka kuandika upya vita vile, atoke Songea au Marekani, amelazimika kuzipitia karatasi zile, akabishana nazo, akakuta humo mambo ambayo waliozikusanya hawakuyaona kuwa muhimu, kwa mfano namna vita vilivyoonekana na wanawake, au na vijiji visivyojiunga.

Na hapa ndipo ninapokosa usingizi. Ripoti za 1968 zinahifadhi maneno ya mzee mwenyewe. Tasnifu ya leo inaniletea asilimia na jedwali. Mahojiano yenyewe yako kwenye simu ya mwanafunzi, na simu ilishauzwa. Tunadai nakala ya tasnifu iliyojalidiwa, rangi ya jalada sahihi, sahihi ya msimamizi, risiti ya ada. Sauti za waliohojiwa hakuna fomu inayozidai, na nikipendekeza naambiwa hakuna nafasi ya kuziweka.