"Sikumgusa, mwalimu": wanayoyaamini madereva wa trela kuhusu kumpita mtu wa baiskeli

Katika kila darasa la madereva wa malori ninalofundisha hapa Tororo, Uganda, hakosekani wa kuitamka sentensi hiyo, tena kifua mbele. Mtu wa baiskeli yuko mtaroni, gunia lake la makaa limepasuka, lakini kwa kuwa bodi ya trela haina hata mkwaruzo, dereva wetu anajiona msafi. Wenzake wanatikisa kichwa kumuunga mkono. Nimeisikia hadi basi, kwa hiyo leo naijibu kwa maandishi, na nyingine ndogondogo nitaziunga mkiani.

"Kama sikumgusa, sina kosa"

Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998 haisubiri mtu agongwe. Kuendesha bila uangalifu, au bila kuwajali wengine walioko barabarani, ni kosa linalojitegemea. Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi, zikaandika kipimo chenyewe. Ujerumani tangu 2020 inataka mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ufaransa ni mita 1 mjini, mita 1.5 nje yake. Jimbo la Wisconsin kule Marekani liliweka futi 3, kama sentimita 90 hivi, tangu 1973. Na kabla hujaniambia hayo ni mambo ya wazungu, Western Cape ya Afrika Kusini ina kanuni ya mita 1 tangu 2013. Ukimpita mtu kwa sentimita 50 katika sehemu hizo, umeshavunja sheria hata kama hakuyumba.

Sababu mojawapo ni upepo. Kichwa cha lori kinapomkaribia mtu wa baiskeli, hewa kinayoisukuma inampeleka nje, kushoto. Naye kwa kujiokoa anaegemea kulia. Punde ubavu wa trela unapita, hewa inarudi kujaza pengo, na sasa inamvuta kulia, huko huko alikokwisha kuegemea. Matairi ya nyuma ya trela yako yanamjia upande huo. Wewe uliyeko kwenye kiti huoni lolote kati ya hayo, kwa sababu yanatokea mita kumi na zaidi nyuma yako.

Ongeza ukingo wa lami. Barabara zetu nyingi zimeliwa pembeni, na kutoka kwenye lami hadi kwenye udongo kuna ngazi ya kimo cha kiganja. Gurudumu la mbele likishuka hapo, mwendeshaji atajaribu kulirudisha juu, litakwaruza ukingo badala ya kupanda, na yeye ataangukia barabarani. Kisha utasikia "alianguka mwenyewe".

Sasa hesabu, maana hapa ndipo madereva wangu hunyamaza. Njia moja ya barabara kuu ina upana wa kama mita 3.5. Mtu wa baiskeli mwenye busara anakaa nusu mita kutoka ukingoni, na usukani wake una sentimita 60. Upande wake wa kulia, basi, unaishia mita 1.1 ndani ya njia. Weka mita 1.5 za nafasi, kisha lori lenye upana wa mita 2.5 bila vioo. Jumla ni mita 5.1. Maana yake, ili umpite vizuri unahitaji zaidi ya mita moja na nusu ya njia ya wanaokuja. Kumpita "ukiwa ndani ya njia yako" hakuwezekani, labda umbane. Kama upande wa pili hauko wazi, hapakuwa na nafasi ya kuovateki tangu mwanzo.

Na hapo nimehesabu baiskeli tupu. Ya kwetu imebeba mikungu ya matoke, au majerikani yaliyofungwa huku na huku, au magunia mawili ya makaa yaliyotanuka kuliko usukani. Kanuni ya Queensland, Australia, inasema wazi kwamba kipimo kinaanzia sehemu ya gari iliyochomoza zaidi, vioo vikiwemo. Huku kwetu nawafundisha kuanzia kiooni hadi kwenye mzigo. Madereva wa teksi za abiria nao walisikie hili, maana kioo cha teksi kiko usawa wa bega la mwendesha baiskeli.

Kwenye kona ya kushoto mambo yanakuwa mabaya zaidi. Trela halifuati nyayo za kichwa; matairi yake ya nyuma yanakata kona kwa ndani. Unaweza kumpita mtu kwa mita nzima na kichwa, halafu trela likaila ile mita yote. Dawa yangu haina mjadala: kwenye kona hapapitwi baiskeli. Kaa nyuma hadi barabara inyooke.

Ninachowafanyisha wote, wazee wa miaka mingi barabarani wakiwemo, ni hiki: egesha lori uwanjani, chukua futi ya fundi, pima mita 1.5 kutoka kwenye kioo cha kushoto, weka jerikani hapo. Panda kwenye kiti ulitazame kiooni. Karibu kila mmoja hushangaa jinsi lilivyo mbali. Picha hiyo ndiyo unayotakiwa kuiona ukimpita mtu. Na taniboi, yaani msaidizi wako garini, ana macho, mpe kazi ya upande wa kushoto badala ya kumwacha asinzie.

"Nilimpigia honi"

Honi haiongezi upana wa barabara. Ukiipiga ukiwa mgongoni mwake unamshtua, anageuka kutazama, na anayegeuza kichwa hugeuza na usukani. Kama ni lazima, piga mara moja, fupi, ukiwa bado mbali.

"Mstari haukatiki, ningefanyaje?"

Ungesubiri. Queensland wanamruhusu dereva kuvuka mstari huo wa katikati ya barabara ili ampe mtu wa baiskeli nafasi, iwapo mbele kuko wazi. Sisi tubaki nyuma yake. Mstari haujawahi kuwa ruhusa ya kumbana mtu.

"Ningechelewa"

Mtu wa baiskeli anakwenda kilomita 15 kwa saa, wewe 60. Ukimfuata mita 300 hadi upate nafasi, umepoteza sekunde 54. Anayenililia kuhusu sekunde hizo ndiye atakayepanga foleni kwenye mizani ya malori ya Magamaga, kisha ale chapati bila haraka yoyote.

"Nikipita polepole naweza kumkaribia"

Nusu yake ni kweli: upepo unapungua. Lakini mtu anayepanda kilima na mzigo huyumba zaidi kadiri anavyopunguza mwendo, na wewe ukienda polepole unakaa ubavuni mwake muda mrefu zaidi. Nafasi ni ile ile.

"Hawana leseni, hawalipii barabara"

Kuendesha baiskeli hakuhitaji leseni ya udereva, na kukosa leseni hakumwondolei mtu haki ya kutumia barabara. Kuhusu malipo, mtu huyo hununua sukari na sabuni zilizokatwa kodi kama zako. Mtu akifika hapa huwa najua ameishiwa hoja.

"Usiku hawaonekani"

Malalamiko haya nayapokea, kwani baiskeli nyingi hazina taa wala kiakisi, na wenye baiskeli wanapaswa kuambiwa. Ila taa zako za chini humulika vizuri kama mita 40 tu, na kwa mwendo wa 80 lori lenye mzigo halisimami ndani ya mita hizo, hata breki zikiwa mpya. Anayekuja mbele akikumulika usoni, hata hizo 40 huna. Hapo ondoa mguu kwenye mafuta kabla hujapishana naye, kwa sababu baiskeli usiyoiona huwa iko nyuma tu ya mwanga wake, pembeni kushoto.